Waliojua Zaidi na Bei Waliyolipa: Rekodi za Elimu na Akili Unguja

Darasa dogo kuliko yote

Darasa dogo kuliko yote katika historia ya Unguja lilikuwa na mwanafunzi mmoja, halikuwa na mwalimu, na ubao wake ulikuwa mfupa wa bega la ngamia. Mwanafunzi huyo ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan na suria wa Kicherkesi aitwaye Jilfidan. Chuoni, watoto wa kike wa kasri walifundishwa kuisoma Kurani, basi. Kuandika kulikuwa kwa ndugu zao wa kiume. Wazee walikuwa na hoja yao: binti anayejua kusoma atazidisha ibada, lakini binti anayejua kuandika ataandika barua, na barua haijulikani itafika mikononi mwa nani. Salme akauchukua msahafu, akawa ananakili herufi moja moja juu ya mfupa ule kwa siri, mpaka mkono ukazoea.

Malipo ya ujuzi huo hayakuchelewa. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, Majid akashika kiti cha Unguja, na miaka mitatu baadaye ndugu yake Barghash akataka kumpindua. Wenye njama walihitaji mtu wa kuandika barua za siri, mtu wa ndani ya nyumba asiyetiliwa shaka. Dada yake Khole akamvuta, na Salme akawa katibu wao akiwa na umri wa miaka 15. Katika habari zote za kiti cha Unguja hatumpati katibu wa njama mwenye umri mdogo kuliko huyu. Njama ikavunjwa, Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay, na binti aliyekuwa na kalamu akabaki katikati ya ukoo uliopasuka, akiwa amewaudhi nusu ya ndugu zake.

Mwezi wa Agosti 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, aliingia usiku katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akapelekwa Aden. Huko, Mei 1867, alibatizwa na kuolewa siku moja, akaitwa Emily. Miaka mitatu baadaye mumewe aligongwa na tramu mjini Hamburg, akafa, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Alirudi Unguja mwaka 1885 kudai urithi wake. Barghash, ambaye ndiye aliyekuwa akiandikiwa zile barua, sasa alikuwa sultani, na alikataa kumwona.

Mwaka 1886 kitabu chake cha kumbukumbu za maisha kilitoka kwa Kijerumani. Ndicho kinachotajwa kuwa tawasifu ya kwanza ya mwanamke wa Kiarabu kuchapishwa. Ulaya ilimpa wasomaji, na bado inampa, maana kitabu hicho kinauzwa mpaka leo katika maduka ya Mji Mkongwe kwa wageni wanaotembea Shangani. Alifariki Jena mwaka 1924.

Nimemtanguliza Salme kwa sababu hesabu yake inajirudia karibu katika kila rekodi itakayofuata. Kisiwa hiki kimewahi kuwa na watu waliojua mambo mengi, na waliotaka kujua zaidi. Lakini kila ukifuatilia ujuzi huo unakuta mtu ameondoka, au ameondolewa, na faida imevunwa mahali pengine. Ndiyo maana nimekusanya hapa rekodi pamoja na bei zake. Vitabu vya watalii vinatupa rekodi peke yake.

Kitabu kirefu kuliko vyote

Barghash naye alifundishwa na kuondolewa. Alipotoka uhamishoni Bombay na hatimaye kukalia kiti, kuanzia 1870 hadi 1888, alirudi na mambo aliyoyaona katika mji mkubwa wa bandari. Alileta maji ya mabomba kutoka chemchemi nje ya mji mpaka ndani ya Mji Mkongwe. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza. Kisha akaleta mtambo wa chapa, na hapo ndipo Unguja ilipoweka rekodi ambayo watu wachache wanaijua: ilianza kuchapa Qamus al-Sharia, kitabu cha fikhi ya Kiibadhi cha mwanachuoni wa Omani, Jumayyil bin Khamis al-Saadi, chenye majuzuu 90. Kazi ilianza mnamo 1880. Sehemu tu ya majuzuu hayo ilipata kuchapwa, lakini fikiria ujasiri wa kuanza. Oman yenyewe haikuwa na mtambo wa kuchapa kitabu hicho. Kilichapwa hapa, katika mji wa vichochoro vyembamba.

Sultani huyo huyo ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, nyumba ndefu kuliko zote mjini kwa wakati wake na muda mrefu baadaye. Ilikuja kuwa makumbusho ya historia na utamaduni, na Profesa Abdul Sheriff, mwanahistoria wetu aliyeandika juu ya karafuu, pembe na utumwa katika kitabu chake cha 1987, aliweka ndani yake maonyesho ya majahazi na bahari. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati wa matengenezo, sehemu ya mbele iliporomoka. Watu wawili walipoteza maisha. Ninaiandika hapa kwa uchungu: kujua historia ya jengo hakukutosha kulishikilia lisianguke.

Safari ndefu kuliko zote ya kutoa fatwa

Mwanzoni mwa karne ya 20 mtu aliyetaka elimu ya dini kutoka Ngazija, Lamu, Barawa au Msumbiji alikuja Mji Mkongwe, na akifika aliulizia wazee wawili.

Wa kwanza ni Sayyid Ahmed bin Sumait, aliyezaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Alianza maisha yake akiwa nahodha wa chombo cha biashara. Akawa kadhi Unguja, akaacha, akaenda Istanbul, akapita Misri, Makka na Jawa, kisha mwaka 1888 akarudi Unguja na kukaa katika ukadhi karibu maisha yake yote yaliyobaki. Wa pili ni Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, ambaye madrasa yake ya Ukutani iliwapa elimu wanavyuoni wa mwambao mzima. Katika miaka ya 1910, Waislamu wa Cape Town walipogombana juu ya sala ya Ijumaa, Bin Sumait alimtuma Bakathir kusini kabisa mwa bara kwenda kuwasuluhisha. Kwa mwanachuoni wa Ukutani, hiyo ndiyo safari ya mbali kuliko zote iliyofanywa kwa ajili ya suala moja la fikhi.

Wazee hawa wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Na tazama tofauti yao na wengine katika orodha hii: wote wawili walizaliwa kwengine, wakaja hapa na elimu yao ikabaki hapa. Kwa kizazi kimoja au viwili, Mji Mkongwe ulikuwa mahali pa kupokea. Madrasa ya Ukutani haikuwa na bajeti ya serikali wala jengo kubwa. Ilikuwa na mzee anayejua, baraza, na wanafunzi waliokuwa tayari kukaa miaka. Nikiulizwa ni wakati gani ambapo Unguja ilipata faida kubwa zaidi kutokana na akili zake, ningesema ni wakati huo, kabla ya kifo cha wazee hao.

Aliyepanda ngazi nyingi zaidi

Mkunazini, kanisa kuu la Waanglikana lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Misheni yao ilikuwa na chuo chake Kiungani, nje kidogo ya mji, kwa ajili ya vijana waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Mmoja wao ni Cecil Majaliwa, Myao. Kutoka Kiungani alipelekwa kusoma Canterbury, Uingereza, akarudi, akafanya kazi upande wa Masasi tangu 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo kupewa upadri. Kutoka kuwa bidhaa hadi kuwa mwalimu wa watu, katika maisha ya mtu mmoja: sijaona katika habari za kisiwa hiki aliyepanda kutoka chini zaidi. Bei yake ilikuwa jina la kwao, ukoo wa kwao, na kurudi kwao akiwa mgeni wa dini nyingine.

Kumbukumbu kubwa kuliko zote

Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880. Hakusoma skuli. Aliuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, akitembea navyo vijijini, na sauti yake ikawa ndiyo tangazo lake. Alipohamia mjini akajifunza nyimbo kwa kusikia, za Kiswahili na hata za Kiarabu na Kihindi, akaziweka kichwani zote. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na kwa safari hiyo akawa mwanamke wa mwanzo wa Afrika Mashariki kusikika kwenye santuri. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake, kwa hiyo mwanamke asiyejua kalamu akaingia katika maktaba.

Kwenye ngazi hiyo hiyo namweka Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021. Alikuwa mvuvi na hamali, skuli aliiona kwa mbali, na mashairi yake, yaliyokusanywa mwaka 1994 katika diwani ya Kimbunga, yanafundishwa vyuo vikuu. Wasomi walikwenda kwake kuuliza maneno. Ingefaa wangekwenda mapema zaidi na kwa wingi zaidi.

Kuchelewa kukubwa kuliko kote

Skuli ya mwanzo ya serikali, ya wavulana, ilifunguliwa mwaka 1905, enzi ya Sayyid Ali bin Hamud, ambaye mwenyewe alisoma Harrow, Uingereza. Ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927. Kati ya hizo mbili ni miaka 22, na hofu iliyochelewesha ilikuwa ileile ya mfupa wa ngamia: wasichana wataandika barua. Wazazi wa Mji Mkongwe walibembelezwa nyumba kwa nyumba. Miongoni mwa waliopelekwa wakatoka walimu wa mwanzo wa kike, na hao wakawa sababu ya wengine kupelekwa. Kwa miaka hiyo 22 hakuna anayeweza kuhesabu kilichopotea.

Mwanafunzi wa ajabu kuliko wote

Sasa nitoke mjini kidogo. Jozani, katika msitu uliofanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, yuko kima punju, kima mwekundu ambaye asili yake ni Unguja peke yake duniani. Kima hawa wana tabia ambayo imewashangaza wataalamu: wanakula makaa.

Wanaokula makaa ni wale wanaoishi pembezoni, kwenye mashamba ya watu, na hapo ndipo penye jambo la kujifunza. Mashambani mna majani ya mkungu na ya mwembe, yenye protini nyingi, lakini pia yana kemikali zinazosumbua tumbo. Makaa hunyonya kemikali hizo na kuacha protini. Kima huokota makaa kwenye visiki vilivyoungua na kwenye tanuri za wachoma makaa, hata jikoni. Mtoto hujifunza kwa kumtazama mama. Mtaalamu Thomas Struhsaker na wenzake walilipima jambo hili na kuchapisha utafiti wao mwaka 1997, wakaona kwamba makaa yale yanafanya kazi hiyo kweli.

Faida: chakula bora kuliko cha msituni, na kima wengi zaidi katika eneo dogo. Gharama: kuishi karibu na watu. Wakulima waliwalaumu kwa nazi changa. Barabara inayokwenda kusini inapita ubavuni mwa msitu, na magari yaliwaua wengi mpaka matuta yalipojengwa, vifo vikapungua sana. Kima wa ndani ya msitu hajui makaa na hajui lori.

Na sisi pia tunalipa, hata tukiwa tumekaa kitako. Ubongo wa binadamu ni karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili wake, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu inayotokana na chakula. Mwili unalishwa kwa deni ili kichwa kifikiri. Kila mzazi wa Unguja aliyemnyima mdogo ili mkubwa apate nauli ya skuli analijua deni hilo bila kipimo.

Mlango mpana kuliko yote, na hasara kubwa kuliko zote

Rekodi mbili kubwa kabisa za elimu Zanzibar ziliwekwa katika mwaka mmoja, 1964, na haziwezi kusimuliwa moja bila nyingine.

Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari. Tarehe 23 Septemba mwaka huo Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Kabla ya hapo nafasi za kusoma zilikuwa zimegawanyika kwa rangi, kwa mtaa na kwa mfuko wa baba. Mtoto wa Ng'ambo, wa Makunduchi, wa Micheweni kule Pemba, sasa alikuwa na haki sawa ya kukaa kwenye deski na mtoto wa Shangani. Hakuna tangazo jengine lililofungua mlango mpana kama huo kwa watu wengi kiasi hicho kwa siku moja. Siku hiyo inaadhimishwa mpaka leo, na inastahili.

Lakini mlango ulipofunguliwa, walimu walikuwa wanatoka. Wengine waliuawa au kukimbia katika siku za mwanzo, wengine waliondoka taratibu katika miaka iliyofuata: walimu wa hesabu na sayansi, madaktari, mahakimu, makarani waliojua faili zote za serikali. Walikwenda Dar es Salaam, Mombasa, Kairo, London, Ghuba. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwalimu na Kadhi Mkuu, aliondoka mwaka 1967. Mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1969 tafsiri yake kamili ya Kurani kwa Kiswahili, iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi, ilichapishwa Nairobi. Kabla yake, Unguja hiyo hiyo ilikuwa imetoa tafsiri ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, ya Padri Godfrey Dale wa misheni ya Mkunazini, mwaka 1923. Ile ya Farsy ndiyo iliyoingia misikitini na majumbani kote Afrika Mashariki. Kazi ilianzwa Unguja na mzaliwa wa Unguja, na haikuchapwa Unguja. Alifariki Muscat mwaka 1982.

Muscat. Hapo ndipo hesabu ilipokwenda. Sultani Qaboos aliposhika nchi tarehe 23 Julai 1970, Oman ilikuwa na skuli tatu tu za mfumo wa kisasa, zote za wavulana. Alihitaji watu wanaojua Kiingereza, wanaoweza kuendesha ofisi, hospitali, kituo cha redio, darasa. Akawaita waliotawanyika. Wazanzibari waliosomeshwa Mji Mkongwe, wanaume na wanawake, wakaenda kujaza nafasi hizo: katika wizara, katika kampuni ya mafuta, katika wodi za wagonjwa, katika skuli za mwanzo za wasichana. Kiswahili kikawa lugha ya korido za Muscat. Katika habari ya watu wenye ujuzi, sijui mfano mkubwa kuliko huu wa kisiwa kidogo kuisomeshea nchi nyingine bila kukusudia. Familia nyingi zilipata maisha mazuri huko na zikatuma fedha nyumbani, na hilo ni halali yao kabisa. Ninachosikitikia ni deski la Unguja lililobaki na mtoto mpya na halina mwalimu wa fizikia.

Waliobaki na kusema walichofikiri walilipa bei nyingine. Kassim Hanga alisoma Moscow na akawa Waziri Mkuu katika serikali ya mwanzo ya Mapinduzi. Othman Sharif aliwahi kuwa waziri wa elimu na balozi Marekani. Mwaka 1969 wote wawili walikabidhiwa Zanzibar kutoka Bara, na wakauawa. Ni vigumu kuandika rekodi ya nchi inayotafuta wasomi kwa taa na ikawaua iliokuwa nao.

Kitabu kilichoandikwa mahali pagumu kuliko pote

Abdulrahman Mohamed Babu alikuwa mwandishi wa habari, mwanzilishi wa chama cha Umma mwaka 1963, na waziri baada ya Mapinduzi. Alikuwa akisoma uchumi wa dunia kama wengine wanavyosoma magazeti. Mzee Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Babu alikamatwa, akafungwa Bara mpaka 1978, na huku akiwa gerezani mahakama ya Zanzibar ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo. Ndani ya miaka hiyo aliandika kitabu juu ya ujamaa na uchumi wa Afrika kilichochapwa London mwaka 1981 na kusomeshwa katika vyuo vikuu vya nje. Akafundisha Marekani. Alifariki London mwaka 1996, na alizikwa Unguja.

Adam Shafi naye alikamatwa katika wimbi hilo la 1972. Haini, riwaya yake ya 2003, imetoka ndani ya seli hizo. Kabla ya hapo, akiwa kijana, alitoka Unguja kuisaka elimu ya ng'ambo kwa njia ya nchi kavu, akapita Uganda na Sudan mpaka Misri, safari aliyoisimulia katika Mbali na Nyumbani. Nani leo angekwenda masomoni kwa mguu na lori kupitia jangwa la Sudan? Kizazi kile kilikwenda. Wasomaji wengi wanamjua kwa Kuli na Vuta n'kuvute, na wanapaswa kumjua pia kwa njaa ile ya kusoma.

Akili kali kuliko zote ambayo haikuwahi kuishi

Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Mwandishi alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi ya afya na kisha uhariri wa magazeti, na Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960, kikakipa Kiswahili mpelelezi wake wa mwanzo. Bwana Msa anavuta kiko, anatazama, anauliza swali moja dogo, na uongo wa miaka unaanguka. Anawashinda waganga na polisi kwa hoja tupu. Ninapenda kwamba akili yake haimgharimu uhamisho wala gereza. Kwenye riwaya ya 1984, Kosa la Bwana Msa, hata yeye anakosea.

Tuzo kubwa kuliko zote, na kungoja kurefu kuliko kote

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja tarehe 20 Disemba 1948, akakulia Malindi, karibu na bandari. Aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa na umri wa miaka 18, akafika Uingereza, akasoma Canterbury, mji ule ule aliosomea Cecil Majaliwa karibu karne moja kabla yake. Kwa miaka mitatu alifanya kazi ya kusukuma wagonjwa na kusafisha hospitali. Alipata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akafundisha huko mpaka kustaafu. Hakuweza kurudi nyumbani mpaka 1984, akawahi kumwona baba yake kabla hajafariki.

Oktoba 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, Mtanzania wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya aina yoyote, na Mwafrika mweusi wa kwanza kuipata ya fasihi tangu Wole Soyinka mwaka 1986. Wakati huo alikuwa na riwaya 10, na karibu zote zina Unguja au mwambao ndani yake: duka, bahari, baba asiyesema, mtu aliyeondoka.

Tangu riwaya yake ya kwanza, ya 1987, mpaka tafsiri ya kwanza ya riwaya yake kwa Kiswahili, Peponi ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, imepita miaka 35. Paradise yenyewe, iliyotafsiriwa, ilikuwa imefika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 1994. Kwa miaka hiyo yote msomaji wa Michenzani hakuwa na riwaya hata moja ya jirani yake kwa lugha yake. Tuzo ilipotangazwa, mjadala uliozuka nchini ulikuwa kama ni Mtanzania au la, kwa kuwa sheria yetu haikubali uraia pacha. Mimi niliona mjadala huo ulichelewa miaka 50 na uliuliza swali dogo. Swali kubwa lilikuwa ni wangapi wengine wa umri wake waliondoka na hawakuandika chochote, na ujuzi wao ulikwenda wapi.

Mlango mpya kuliko yote

Tarehe 6 Novemba 2023 lilizinduliwa Bweleo tawi la Taasisi ya Teknolojia ya India, ile ya Madras. Ni tawi la kwanza la taasisi hizo nje ya India, na mkuu wake wa kwanza, Profesa Preeti Aghalayam, ni mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi yoyote ya jina hilo. Masomo ya kuanzia ni sayansi ya data na akili mnemba. Bweleo iko kwenye rasi ileile ya Fumba alikozaliwa Siti.

Kwa hiyo baada ya karne ya kupeleka watoto nje, watoto wa nje wanakuja tena, kama walivyokuja Ukutani. Ninafurahi kwa dhati. Na ninaogopa kidogo, kwa sababu mwenye kujua akili mnemba anaweza kufanya kazi ya Bangalore au Dubai akiwa hata hajapanda ndege, au akapanda ndege ya asubuhi na asirudi, na mshahara wa huko haulingani na wa hapa. Wala simlaumu atakayekwenda.

Ombi langu ni la hesabu. Chuo cha Bweleo, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Chuo Kikuu cha Zanzibar vitangaze kila mwaka wahitimu wangapi wanafanya kazi ndani ya visiwa hivi, kazi gani, kwa mshahara gani, na wangapi wameondoka na kwenda wapi. Tumeandika karafuu gunia kwa gunia tangu enzi za Sayyid Said, mpaka zile zilizooza ghalani. Mwalimu wa fizikia anayetoka Tunguu kwenda Muscat aandikwe naye, na skuli aliyoiacha itajwe kwa jina.